Mikoba ya Mzee

Kulikuwa na nchi, na usiulize iko upande gani, maana ramani zake zote zilifungiwa kabatini kwa ajili ya usalama, na aliyezifungia kasahau kabati lenyewe ni lipi. Mambo ya nchi hiyo yalinyooka. Barabara zilipindapinda kidogo, lakini mambo yalinyooka, na asiyeamini alipelekwa semina. Waliopelekwa semina hawakurudi. Ilielezwa kwamba mada ni nyingi.

Rais wa nchi hiyo aliitwa Mzee. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila liliogopwa mpaka likasahauliwa. Hakuna sheria iliyokataza kuwaita wazee wengine wazee. Nani atunge sheria ya ajabu namna hiyo? Watu wenyewe tu waliona ni busara, wakaanza kuwaita baba zao wenye mvi "mjomba". Na tangu Mzee atimize miaka tisini na moja, redio ya taifa iliacha kutumia neno "baadaye". Mtangazaji akitaka kusema taarifa ya habari itawajia baadaye, alisema "itawajia", akameza mate, na kila mtu akaelewa.

Siku moja nchi hiyo ikapatwa na tishio. Halikutoka mpakani. Lilikuwa linaning'inia mabegani.

Aliyeligundua ni Daktari Mkupuo, Waziri wa Maadili na Mizigo, ambaye udaktari alitunukiwa siku moja pamoja na mawaziri wenzake kumi na wanne, kwa mkupuo, na jina likamganda. Alikuwa ameketi ndani ya gari lake akisubiri msafara wake mwenyewe upite, ndipo akaona wanaume watatu wakivuka barabara: mpiga picha, mtunga mashairi na msanifu wa majengo. Kila mmoja kaning'iniza begani mkoba wa kitambaa, ule wa mikanda miwili, hauna zipu, hauna kifungo, mdomo wazi kama mtu aliyesinzia kwenye mkutano.

Jioni ile akatokea kwenye televisheni.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu sikivu imesikia, na isiposikia huwa imeona. Mwanamume wa kawaida ana begi lenye zipu. Mwanamume wa ofisini ana mkoba wa ngozi wenye kufuli. Sasa hawa wenzetu wa kazi za ubunifu, wachoraji, waandishi, wapiga picha, wameitana wapi? Kwa nini wote wamechagua kitambaa? Mwenye siri hufunga. Je, asiyefunga kabisa, siri yake ina ukubwa gani?"

Watu waliokuwa studio walipiga makofi. Waliokuwa majumbani nao walipiga makofi, maana kuta ni nyembamba.

Kesho yake Tume ikaundwa, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe, na fomu zikasambazwa katika kila ofisi inayoajiri watu wenye mawazo. Fomu ilikuwa na swali moja: kwa nini unabeba mkoba wa kitambaa? Chini yake palikuwa na mstari, na chini ya mstari onyo. Jibu lisizidi maneno manne. Neno la tano litahesabiwa kuwa ni uchochezi.

*

Mshamu Likwati alikuwa mchora herufi katika Idara ya Mabango. Kama umewahi kupita nchi hiyo, ukasoma ukutani KIMYA NI AFYA, au TUMERIDHIKA pale hospitali, basi umeshaona mkono wake. Kipaji chake kilikuwa kimoja, cha kukaza maneno. Mpe hotuba nzima na ubao wa futi sita, ataipunguza mpaka ikae, ukingo kwa ukingo, na atakayeisoma atadhani ilizaliwa hivyo.

Pale ofisini wenzake walijaza fomu kwa kucheka, maana sababu zilikuwa za kweli na za kawaida. Mmoja aliandika: Michoro haikunjiki humo ndani. Mwingine: Hauniumizi bega. Mpiga picha wa Idara aliandika kwamba mkono unaingia haraka, akaitwa siku hiyohiyo aeleze haraka ya nini, na mada zikamzidi, hakurudi. Kuna sababu nyingine ambayo hakuna aliyeiandika: mwanamume akiutundika ule mkoba begani, kitabu kikachungulia kidogo, watu hudhani anawaza. Na katika kazi hizo, kudhaniwa unawaza ndiyo nusu ya kazi.

Mshamu hakuwa na makeke hayo. Yeye alifundishwa herufi na mtu aliyeitwa Mzee Ngalapa, jina alilolipata kabla neno hilo halijaogopwa, aliyemshika mkono tangu hajui tofauti ya brashi na ufagio. Ngalapa alifariki mwaka uliopita, akamwachia mikoba yake miwili ya turubai, mmoja wa karatasi, mmoja wa brashi. Kwa hiyo sababu yake aliijua vizuri. Aliianza hivi kwenye karatasi ya pembeni: Nimerithi mikoba miwili ya marehemu mwalimu wangu Mzee Ngalapa.

Maneno tisa. Akaanza kupunguza kama anavyopunguza bango. "Miwili" likatoka, maana mwenye macho ataona. "Marehemu" likatoka, linahuzunisha. "Mwalimu wangu" yakatoka pamoja. "Ngalapa" lilimuuma, alilishika kidogo, lakini ndilo lilikuwa la tano. Yakabaki manne, akayaandika kwa herufi kubwa, kwa wino mzito, nafasi zote sawasawa:

NIMERITHI MIKOBA YA MZEE.

Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. Ile nafasi kati ya R na I ilimpendeza sana.

Mafundi ndivyo walivyo. Alilitazama kila umbo akasahau kusoma. Maana hata asiyesoma kitu zaidi ya ukurasa wa michezo anajua: kocha akifukuzwa, anayekuja ndiye aliyerithi mikoba yake. Mkurugenzi akistaafu, msaidizi hurithi mikoba. Hakuna anayeuliza mikoba yenyewe ni ya ngozi au ya kitambaa. Kurithi mikoba ya mtu ni kukaa kwenye kiti chake.

*

Mkewe Sikudhani alikuwa anasukuma chapati Mshamu aliporudi.

"Maneno manne?" alisema. "Wewe ambaye ukiomba chumvi unaanza na historia ya bahari?"

"Yamekaa vizuri. Ungeona ile nafasi."

"Haya, umeandika nini?"

Akamwambia. Mpini wa kusukumia ukasimama katikati ya chapati.

"Hebu rudia."

"Nimerithi mikoba ya Mzee."

"Rudia tena, Mshamu, lakini sasa usiwe wewe. Uwe yule waziri."

Mshamu akarudia, taratibu, na alipofika neno la mwisho sauti ilikuwa imekwisha. Chapati iliyokuwa jikoni ikaungua na hakuna aliyeigeuza.

"Nitawaeleza," alisema. "Watu wazima wale, wana elimu."

"Udaktari wa mkupuo," alijibu Sikudhani, akaanza kumpangia shati zito kwenye mfuko wa rambo, maana alisikia gari.

Mlangoni alisimama Koplo Tegemeo, mtu mwenye adabu, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Bwana Mshamu amealikwa semina. Aje na ile mikoba."

*

Ukumbi wa Tume ulikuwa na picha ya Mzee kubwa kuliko ukuta, kwa hiyo kidevu kiliendelea sakafuni na watu walipita kando.

"Kijana," alianza Daktari Mkupuo, "umekiri kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba umerithi mikoba ya Mzee. Na Mzee umemwandika kwa M kubwa."

"Herufi zote ni kubwa, Mheshimiwa."

"Hatukukuuliza zote. Ulirithi lini?"

"Mwaka jana, Mheshimiwa, Mzee alipofariki."

Karani aliangusha kalamu. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia, akakumbuka hajaruhusiwa, akageuza kuwa kicheko, akaona hicho nacho si salama, akanyanyuka akamwomba Koplo amwoneshe semina iko wapi.

"Mwaka jana!" Mkupuo alipiga meza. "Yaani mwaka mzima sisi tumekuwa tukipokea amri za nani?"

Kila mmoja ukumbini alionekana kujiuliza swali lile kwa dhati, na Mkupuo mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoka jasho.

"Swali hilo lifutwe," alisema haraka. "Karani, na kufutwa kwake nako kufutwe."

"Mheshimiwa, ninayemsema ni Mzee Ngalapa, mchora herufi. Na mikoba ni hii hapa begani. Ya turubai. Ina brashi."

"Neno Ngalapa liko wapi kwenye fomu?"

"Lilikuwa la tano."

"Uchochezi," alisema karani, akaandika.

Mkupuo hakuwa mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Alivua miwani, akalainisha sauti kama daktari wa kweli. "Sikiliza, mwanangu. Shida iko kwenye kitenzi tu. Kurithi ni kifo. Tafuta kitenzi kingine, uende nyumbani kwa mkeo."

Mshamu akashika tamaa hiyo kwa mikono miwili. Nyumbani kwa mkewe ndiko alikokuwa anakutaka, hakuwa na haja na jambo jingine.

"Basi nilipewa."

"Na nani?"

"Na Mzee mwenyewe, kwa mkono wake."

"Uteuzi usiotangazwa! Tafuta kingine."

"Niliiokota."

"Kwa hiyo Mzee aliitupa nchi barabarani, wewe ukaiokota. Kingine."

"Nimeazima."

"Kwa mihula mingapi?"

"Naishika tu, Mheshimiwa! Nimeishika!"

"Anakaimu," alisema karani, bila kuinua uso.

Mshamu alimfikiria marehemu, akaomba radhi moyoni, akasema kitu ambacho hakuwahi kuota kukisema. "Niliiiba. Nilimwibia maiti kabla hajazikwa. Mimi ni mwizi, nifungeni kama mwizi."

Mkupuo alimtazama kwa huruma nyingi. "Kuiba mikoba ya Mzee," alisema, "kwa lugha ya kitaalamu, ni mapinduzi."

Wakaahirisha kwa ajili ya chai.

*

Sasa likazuka jambo ambalo Tume haikulitarajia. Ile mikoba ilitakiwa iwekwe mezani kama kielelezo. Mkupuo akamwamuru Koplo Tegemeo aichukue.

"Mheshimiwa, nina familia," alisema Koplo.

"Ni kitambaa tu!"

"Najua ni kitambaa. Lakini nikiichukua, redio itasema nani kachukua nini?"

Mkupuo akamtazama mwanasheria wa Tume. Mwanasheria akatazama viatu vyake. Wakamtazama karani, karani alikuwa tayari ameweka mikono yake yote miwili mfukoni. Ikaamuliwa kwamba kielelezo kibebwe na mtuhumiwa mwenyewe, kila siku, kutoka mahabusu hadi ukumbini na kurudi.

Ndivyo Mshamu alivyokaa wiki nne. Asubuhi alipita kwenye korido ya mahabusu na mikoba miwili begani, na askari, kwa kuwa mtu hajui mambo yatageukia wapi, walisimama wima. Waliompiga nao walimpiga kwa heshima. Walimwita Mheshimiwa kabla ya kuanza, na walipomaliza walimpigia saluti, wakamwomba asiwasahau. Siku ya kumi na mbili walimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, na aliyevivunja alimletea uji mwenyewe, akamnywesha, akamtajia jina la kijiji chake endapo siku moja patahitajika daraja.

Mwisho wa wiki ya nne Tume ikafikia uamuzi: Mshamu Likwati apelekwe semina ya kudumu. Mkupuo alikuwa ameshainua muhuri, mwanasheria akamshika kiwiko, akamnong'oneza. Muhuri ukabaki hewani.

"Sema kwa sauti," alisema Mkupuo.

"Mheshimiwa, huyu akifa, mikoba itarithiwa. Atakuja mwingine, na huyo mwingine atakuwa amerithi kihalali. Inabidi tuanze na warithi, ndipo tumalizie na yeye."

Wakamhoji. Wazazi? Walishakufa. Ndugu? Alizaliwa peke yake. Watoto? Hawakujaliwa.

"Mke?"

Mshamu hakujibu. Lakini jina la mke lilikuwa kwenye faili.

*

Sikudhani aliletwa saa tatu asubuhi. Alipomwona mumewe aliutazama kwanza ule mkono uliofungwa kitambaa, kwa muda mrefu, kisha akatazama mahali pengine.

"Shati hilo nani kalifua?" alisema. "Limekaukia sabuni."

"Shahidi asiongee na mtuhumiwa," alisema Mkupuo. "Wewe ni mke wake?"

"Ndiyo. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Unampenda?"

"Swali hilo nalo liko kwenye fomu?"

"Lipo."

"Kwa maneno mangapi?"

"Manne."

"Ananitia hasira kila siku," alisema Sikudhani.

Karani alihesabu kwa vidole, akaandika.

Mkupuo akamweleza taratibu, kwa upole, kama anamsomea ratiba ya safari. Kwamba Serikali haina ugomvi naye. Kwamba ni suala la utaratibu wa mirathi, halina chuki ndani yake. Kwamba mikoba haiwezi kuachwa ikatangatanga kutoka mkono hadi mkono.

"Kwa hiyo mnaniua ili nisirithi mikoba ya brashi."

"Neno hilo ni kali, mama. Tunakutanguliza."

Sikudhani alikaa. Hakuna aliyemwambia akae. Na hapo Mshamu akanyanyuka na mikoba yake begani.

"Mheshimiwa, naomba nafasi. Kuna kitenzi kimoja."

"Vimekwisha vyote, mwanangu. Tulivimaliza."

"Kimebaki kimoja."

Akamgeukia mkewe. "Sikudhani binti Salehe," alisema, "nimekuacha. Talaka moja."

Sikudhani alifumbua mdomo, na kilichokuwa kinakuja kilikuwa kikubwa, usoni kilionekana. Kisha akaufumba. Siku zote yeye ndiye alikuwa mwepesi wa kuelewa.

Mkupuo alimgeukia mwanasheria. "Inafaa? Akiachika harithi?"

"Haitoshi, Mheshimiwa. Talaka moja ni ya kurejea. Huyu mama atakuwa ndani ya eda, na mume akifa kabla eda haijaisha, bado anamrithi. Zinatakiwa zote tatu."

"Ongeza," alisema Mkupuo.

Mshamu alijaribu. Alitazama picha, akatazama dari, akatazama ule mkono wake uliofungwa, kama vile neno lilikuwa limedondokea mahali fulani.

"Ongeza, Mshamu," alisema Sikudhani. "Kazi yako siku zote ni kupunguza maneno. Leo ongeza."

"Mbili," alisema.

"Na?"

"Sikudhani."

"Na, Mshamu? Usinichoshe. Na?"

"Tatu."

"Iandikwe," alisema Mkupuo, na kwa mara ya kwanza tangu Tume ianze, neno liliandikwa kama lilivyosemwa, bila mtu kuuliza maana yake. Mwanasheria akasimama kueleza kwamba mali isiyo na mrithi hurudi Serikalini, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Watu walipeana mikono. Mkupuo mwenyewe alinyoosha vidole kuelekea ile mikoba, akavirudisha, akasema hapana, taratibu za semina zikamilike kwanza, kesho saa nne asubuhi.

Mshamu alikubali kwa kichwa. Alikuwa amelijua hilo kabla ya kusema ile moja.

Sikudhani alinyanyuka, akaenda kumkunjulia kola, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Koplo Tegemeo akaweka mkono katikati.

"Dada, samahani. Si mumeo huyu. Wewe huhusiki tena na kesi hii, toka nje."

Akatoka. Nje ya geti wanawake walikuwa wamejipanga na vyombo vya chakula vilivyofungwa vitambaa, wakisubiri majina yaitwe. Mmoja akamsogelea, akamuuliza, "Umemwona mumeo, mwenzangu? Wangu sijui yuko chumba gani."

Pembeni ya geti aliketi mtu mwenye daftari.

"Sina mume," alisema Sikudhani. Alilisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayetaja saa, na mwenye daftari akaandika, akamwonesha njia.

Akarudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa eda. Sheria ya aliyeachwa ni miezi mitatu, na hata Serikali iliitambua. Mjumbe wa mtaa aliweka alama kwenye kalenda yake. Miezi mitatu ikatimia. Sikudhani hakutoka. Wiki zikapita, hakupaka wanja, hakuvaa dhahabu, mlango ukabaki umefungwa. Mjumbe akaja kumuuliza mbona amepitiliza, naye akamjibu kwamba hesabu zilimshinda tangu shule ya msingi. Mjumbe akaandika: hajui kuhesabu.

Alikaa mpaka ikatimia miezi minne na siku kumi, ambayo ni eda ya mjane. Kisha akaoga, akafungua mlango. Majirani, ambao walikuwa wanajua kuhesabu, walimsalimia kama siku nyingine yoyote, na hakuna hata mmoja aliyempa pole.